Kupe ni Walewale: Uchambuzi wa Kisa cha Mtamba wa Marikebuni

Mtamba alishushwa kwenye lori Ijumaa jioni, mwezi wa tatu, mvua ya mwaka ikiwa bado haijaanza. Alikuwa wa gredi, yaani chotara wa ng'ombe wa kigeni, mweusi mwenye mabaka meupe, mimba changa tumboni. Alitoka bara, kwenye zizi la kufugia ndani, na tangu azaliwe hakuwahi kuchungwa. Shangazi yangu, anayekaa upande wa Marikebuni kaskazini ya mto Sabaki, alimnunua kwa mkopo wa chama cha akina mama. Hesabu yake ilikuwa imenyooka: mtamba azae, maziwa yapakiwe kwenye pikipiki kila alfajiri hadi Malindi mjini, mkopo ulipwe, kitakachobaki kiwe karo.

Siku ya 21 tangu atolewe malishoni kwa mara ya kwanza, mtamba alikufa.

Hatua chache kutoka pale alipolala, chini ya mkorosho, alikuwa amefungwa ndama wa jirani. Ndama wa kienyeji, miezi mitano hivi, masikio yamejaa kupe. Alikuwa anacheua. Shangazi alimtazama yule ndama, akanitazama mimi, akasema: "Mwanangu, kupe ni walewale, nyasi ni zilezile. Mbona huyu kafa na yule yu hai?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba ng'ombe wa gredi ni dhaifu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila ni jibu la mtu anayetaka kuondoka. Swali la shangazi ndilo lililowapeleka watafiti wa ndigana kali mpaka kwenye jeni za kimelea, na mimi, mtu wa kutibu mifugo, nililisoma darasani bila kulisikia. Hapo juu ya mzoga ndipo nilipolisikia.

Nianze na siku zenyewe. Mvua ilipochanganya, kijana wa kuchunga alimtoa mtamba pamoja na ng'ombe wa jirani. Josho la karibu limekauka, kwa hiyo kila mtu hupuliza dawa kwa bomba lake. Kwa mtamba huyu bomba lilipita mgongoni na ubavuni, masikio yakaachwa. Na masikioni ndiko anakoganda kupe kahawia, Rhipicephalus appendiculatus, anayeeneza ndigana kali, ugonjwa uliomuua mtamba. Kupe huyu haambukizi saa ileile anapouma. Vimelea vilivyomo kwenye tezi zake za mate huhitaji siku kadhaa za kunyonya damu ndipo vikomae na kutiririka kwenye mate. Mkono unaopapasa masikio kila siku na kung'oa kupe unaweza kumwokoa ng'ombe. Hilo nilimwambia shangazi baadaye, na nilipaswa kumwambia siku ile lori lilipofika.

Siku ya 13 mtamba aliacha kula. Siku ya 14 alidungwa sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki, iliyonunuliwa dukani. Siku ya 17 nilipigiwa simu, siku ya 18 nikafika. Joto lilikuwa limepita nyuzi 41. Chini ya sikio la kushoto kulikuwa na mtoki mkubwa kama limau, mgumu, unaoteleza chini ya ngozi, na mwingine mbele ya bega. Nilichoma sindano kwenye mtoki, nikavuta tone, nikalipaka kwenye kioo, nikalitia rangi ya Giemsa na kurudi nalo kwenye darubini.

Aliyewahi kuiona picha ile hawezi kuisahau. Seli nyeupe za damu zilikuwa zimevimba kupita kiasi, na ndani ya kila moja, pembeni ya kiini, mlikuwa na kipande cha rangi ya bluu kilichojaa nukta za zambarau iliyokolea. Kipande hicho ndicho kimelea, Theileria parva, katika umbo linaloitwa skizonti. Kimepewa jina la Arnold Theiler, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Afrika Kusini. Ugonjwa wenyewe, kwa Kiingereza East Coast fever, una jina la pwani yetu, kwa kuwa uliingia kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki.

Anachokifanya skizonti ndani ya seli ni cha kutisha. Haiui seli. Anaiamuru izaane bila kukoma, karibu kama saratani, na kila inapogawanyika yeye hujishikiza kwenye nyuzi za mgawanyiko ili kila nusu iondoke na fungu lake. Ndiyo sababu mitoki huvimba: kiwanda cha askari wa mwili kimegeuzwa kiwanda cha adui. Nilimdunga mtamba dawa ya buparvakwoni, ambayo ni nzuri ikitolewa mapema. Haikuwa mapema. Siku ya 21 povu jeupe lilitoka puani, na tulipompasua mapafu yalikuwa yamejaa maji, koo la hewa limejaa povu lilelile.

Sasa ile oksitetrasaiklini ya siku ya 14. Shangazi alijilaumu kwamba alinunua dawa mbovu. Haikuwa mbovu. Kimelea kikishakaa ndani ya seli na kuanza kuizalisha, dawa hiyo haikifikii vya kutosha. Lakini dawa hiyohiyo ikidungwa saa ileile maambukizi yanapoingia, huchelewesha kimelea kiasi cha kuupa mwili muda wa kujifunza. Ndivyo chanjo pekee iliyopo inavyofanya kazi. Ng'ombe hudungwa vimelea hai vilivyotolewa kwa kupe, na upande wa pili hudungwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu. Anaugua kidogo, anapona, na kinga anayobaki nayo ni ya miaka mingi. Njia hii ilikamilishwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970, na mchanganyiko wa aina tatu za vimelea unaotumika mpaka leo una jina la Muguga.

Kwa hiyo ndama wa jirani alikuwa amepitia chanjo ileile bila mganga. Aliumwa na kupe akiwa mdogo, wachache wachache, akiwa wa ukoo uliokaa na kupe hawa vizazi na vizazi. Jirani alikumbuka kwamba wiki kadhaa nyuma ndama alilegea, akavimba chini ya sikio, kisha akaamka. Damu yake ilibaki na kumbukumbu. Mtamba alikutana na kimelea mara ya kwanza akiwa mkubwa, kwa wingi, na hakuna mababu zake waliompa hata chembe ya uzoefu.

Kumbukumbu hiyo imeandikwa wapi? Hapa ndipo kisa kinapotoka Marikebuni kwenda maabara.

Watafiti walianza kwa kuangalia kingamwili, zile protini za damu zinazomshika adui, kama ilivyo desturi. Kuna protini inayofunika kimelea kinapotoka kwenye mate ya kupe, kabla hakijaingia ndani ya seli. Inaitwa p67. Kingamwili zinazoishika protini hii huzuia kimelea kuingia, na jeni yake ikawa ya kwanza kuwekewa matumaini ya chanjo. Maabarani ilikinga ng'ombe wengi. Ilipopelekwa malishoni hapa Kenya, Pwani ikiwemo, ilipunguza visa vikali kwa takriban nusu. Mwenye mtamba mmoja hawezi kumtegemeza kwenye kinga ya nusu. Tena nafasi ya kingamwili ni fupi mno: kimelea huingia ndani ya seli upesi, na kikishafunga mlango kingamwili hubaki nje.

Jibu lililobadilisha mwelekeo lilipatikana Nairobi, kwa ndama pacha wa yai moja. Mmoja alichanjwa akawa na kinga. Seli zilizokuwa zikitoka kwenye mtoki wake, zile seli T zenye kazi ya kuua seli zilizoambukizwa, zilihamishiwa kwa pacha mwenzake ambaye hakuwa na kinga na alikuwa ameambukizwa. Akapona. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1994, na kwangu mimi ndiyo picha safi kuliko zote katika habari hii: kinga imetolewa kwa mmoja ikatiwa kwa mwingine, na iliyohamia ni seli.

Seli T hizi hazioni kimelea chenyewe. Kila seli ya mwili huchukua vipande vya protini zilizomo ndani yake na kuviweka kwenye sinia nje ya mlango. Seli T hupita zikikagua masinia. Zikikuta kipande cha kigeni, nyumba yote hubomolewa na mgeni wake ndani. Kwa hiyo jeni tunayoitafuta kwa ajili ya chanjo ni ile inayotengeneza protini ambayo vipande vyake hufika kwenye sinia, na ambavyo seli za ng'ombe aliyepona huvitambua. Masharti ni hayo mawili, na yote mawili yako upande wa ng'ombe.

Mwaka 2005 jenomu ya Theileria parva, yaani maandishi yote ya DNA yake, ilichapishwa, kazi iliyoongozwa na Malcolm Gardner wa Marekani pamoja na wenzake wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, Nairobi. Kromosomu nne, herufi za DNA zaidi kidogo ya milioni 8, jeni za kutengeneza protini takriban 4,000. Ghafla kila jeni ilikuwa mezani. Ugumu ukawa wingi.

Nilipopelekwa Nairobi kwa miezi michache ya mafunzo nilipewa zoezi la kuchuja hizo 4,000 kwa kompyuta. Nilifurahia sana. Chujio la kwanza: protini yenye kipande cha mwanzo kinachoashiria kwamba itatolewa nje ya kimelea, kwa kuwa skizonti hukaa wazi katika uji wa seli, na chochote anachokitema kinaweza kukatwakatwa na kufika kwenye sinia. Chujio la pili: jeni inayofanya kazi wakati kimelea ni skizonti. Chujio la tatu nililiongeza mwenyewe, nikiona nimepata akili: tupa kila protini inayofanana mno na za ng'ombe, maana mwili haupigani na kinachofanana nao. Orodha yangu ilishuka ikawa fupi, safi, ya kupendeza.

Kisha nikailinganisha na ile iliyochapishwa mwaka 2006 na Simon Graham, Evans Taracha na wenzao. Wao walishika njia mbili kwa pamoja. Njia moja ilikuwa kama yangu: jeni zilizotabiriwa na kompyuta kwamba protini zake hutolewa nje. Ya pili haikutabiri lolote. Walichukua jeni zozote zinazofanya kazi ndani ya skizonti, bila kuchagua, wakazitia makundi makundi ndani ya seli nyingine zilizopewa masinia ya ng'ombe. Kisha wakaleta seli T za ng'ombe waliochanjwa na kupona, wakauliza swali moja tu: mnamtambua huyu? Seli T ikimtambua adui humwaga interferoni gama, protini ya kupiga kengele ya hatari, na kila inapomwaga hubaki doa linaloweza kuhesabiwa kwenye sahani. Kundi lililotoa madoa liligawanywa, likagawanywa tena, mpaka ikabaki jeni moja.

Walizipata protini tano za kwanza, wakaziita Tp1 hadi Tp5. Tp1, Tp2 na Tp3 zilikuwa za kutolewa nje, kama kompyuta ilivyotarajia. Lakini Tp4 ni kipande cha mtambo wa kukunja protini, na Tp5 ni ya kuanzisha utengenezaji wa protini. Ni protini za kazi za nyumbani, ambazo kila kiumbe kuanzia chachu hadi ng'ombe anazo za kwake. Hazina alama ya kutolewa nje, na zinafanana na za ng'ombe. Kwenye zoezi langu zote mbili nilikuwa nimezitupa kwenye chujio la kwanza, na ningezitupa tena kwenye la tatu. Ng'ombe aliyepona alizijua. Mimi sikuzijua.

Tangu siku hiyo naamini kwamba orodha ya kompyuta, hata iwe nzuri vipi, ni orodha ya kubahatisha mpaka mnyama aliyepona aulizwe. Kompyuta husoma alichonacho kimelea. Ng'ombe husema alichokiona. Nasema hivi nikijua kuna ugonjwa ambao kanuni hii haitoshi, na uko hapa jirani. Ukivuka Tana kuelekea Lamu, pembeni ya msitu wa Boni, tatizo la wafugaji ni mbung'o na nagana, ugonjwa anaoueneza. Kimelea cha nagana kinaishi wazi katika damu na hubadilisha koti lake kila mara, kwa hiyo kumbukumbu ya ng'ombe hupotoshwa: anakumbuka koti la jana. Huko ilibidi watafiti waanze na jenomu. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kati ya protini 60 za Trypanosoma vivax, kimojawapo cha vimelea vya nagana, zilizojaribiwa kwa panya, moja iliyoko kwenye mkia wa kimelea, isiyobadilika, ilitoa kinga ya kudumu. Ni panya, bado si ng'ombe, ila mlango umefunguka upande ambao mnyama asingeuonyesha.

Turudi kwenye ndigana kali, maana kuzipata zile tano hakukumaliza kazi. Zilipotumika kuchanja ng'ombe, zikibebwa na DNA na virusi vilivyopunguzwa makali, ng'ombe ambao seli T zao ziliamka walielekea kunusurika walipoambukizwa. Wengine hawakuamka. Sababu ni yale masinia. Kila ukoo wa ng'ombe una umbo lake la sinia, na kila umbo hushika vipande vyake. Ng'ombe mwenye sinia la aina moja huelekeza karibu nguvu zake zote kwenye Tp1, mwenye lingine kwenye Tp2, na zinazobaki huzipuuza. Na Tp2 hutofautiana sana kutoka kimelea hadi kimelea, hasa wale wanaotoka kwa nyati. Kwa hiyo ng'ombe anaweza kuwa na kinga kamili dhidi ya kimelea cha kijiji kimoja akaangushwa na cha kijiji kingine. Chanjo ya jeni moja ingemkinga mtamba wa shangazi na kumwacha wa jirani, au kinyume chake, na hakuna ambaye angejua mpaka mmoja afe. Ndiyo maana orodha haikuishia tano. Tp nyingine zimeongezwa, na kazi ya sasa ni kuzichanganya na kuamsha kingamwili na seli T pamoja.

Jambo ambalo shangazi hakulijua, na karibu wote waliokuwa pale hawakulijua, ni kwamba kijiji chao kimo ndani ya habari hii. Katika miaka ya 1980 vimelea vilivyotoka huku vilipelekwa maabara, vikahifadhiwa kwenye baridi kali, vikaitwa Theileria parva Marikebuni. Ni miongoni mwa aina zilizochunguzwa zaidi Kenya. Ilijaribiwa kwa kuchanja ng'ombe hapahapa Pwani, na ilionekana kukinga dhidi ya aina nyingine nyingi. Ilionekana pia kwamba ng'ombe aliyepona aina hii hubaki na vimelea vichache mwilini muda mrefu, na kupe akimnyonya huweza kuvibeba tena.

Nilimweleza shangazi haya tukinywa chai. Alinyamaza, kisha akauliza: "Jina letu liko kwenye friji Nairobi, na sisi huku twapuliza bomba?" Sikuwa na la kumjibu. Naona ana haki ya kuuliza. Wafugaji wa huku walistahili angalau kurudishiwa habari kwa lugha yao.

Mwaka uliofuata alinunua mtamba wa pili, na safari hii hatukungoja. Chanjo ya vimelea hai husafirishwa ndani ya mtungi wa naitrojeni, na mrija mmoja ukishayeyushwa hutosha ng'ombe takriban 40 na lazima uishe ndani ya saa chache. Shangazi alizunguka nyumba kwa nyumba siku nne kuhesabu ng'ombe, maana idadi isipotimia mtungi hauji. Ng'ombe walikusanywa chini ya mwembe saa kumi na mbili asubuhi. Kila mmoja alidungwa sindano mbili, akavishwa hereni sikioni.

Baada ya hapo shangazi alimfunga mtamba nyumbani. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alipitisha mkono nyuma ya sikio lake na kuchora mstari kwa mkaa kwenye mlango wa jiko. Mstari wa kwanza hadi wa kumi ni mifupi, inafanana. Wa kumi na moja ni mrefu, na juu yake kuna duara dogo. Nilipomuuliza maana yake, alinishika mkono akauweka chini ya sikio la mtamba. Kulikuwa na mtoki, mdogo kama kokwa ya ukwaju, na mtamba alikuwa anakula.